Kuku wa Mzazi

Mwaka 1986 maduka ya Muheza yalianza tena kuwa na sabuni na sukari, lakini Rafaeli alikuwa bado na dawa ya wadudu ya miaka ya shida: gunia la DDT aliloiba katika ghala la shamba la mkonge alikokuwa kibarua. Kila masika alimwaga unga ule kwenye vichuguu vya msituni, nyuma ya michungwa yake. Mchwa walipungua. Hata vipanga waliokuwa wakinyakua vifaranga walitoweka, naye akajisifu kwamba amewakomesha.

Asubuhi moja bwana misitu, Edgar, alimwonyesha kiota cha kipanga. Mayai yalikuwa yamepondeka, maganda membamba kama karatasi.

"Dawa yako haiozi, mzee. Mchwa anabeba chembe. Kuku akila mchwa elfu, chembe zote zinakaa kwenye mafuta yake. Kipanga akila kuku, anazibeba zote."

"Na mtu je?"

"Vilevile. Mama anayenyonyesha humpitishia mtoto katika maziwa."

Rafaeli aliondoka bila kuaga. Jana yake alikuwa amempelekea jirani yake Asmaa, aliyejifungua juzi, tembe mnono wa supu ya mzazi, aliyekulia kwenye vichuguu vile.

Alimkuta tembe amefungwa miguu ukumbini kwa Asmaa, akingoja mchinjaji. Kando yake alikaa Bibi Chiku, mama yake Asmaa, na wanawake wawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Baba Devota. Umekuja kumwona mtoto?"

"Nimemfuata yule kuku."

Wanawake walitazamana, kisha wakaangua kicheko.

"Jamani! Ametoa, roho imemuuma!"

"Mwacheni, mkewe hajapika siku tatu!"

Rafaeli alimwokota kuku, macho chini. Afadhali aitwe bahili. Bahili si mwizi, wala halishi watu sumu. Alikuwa ameshafika mlangoni Asmaa alipoita kutoka ndani:

"Mama, msimcheke. Katafuteni kwa Praxeda, kuku wake nao wanono."

Kuku wa Praxeda, jirani yao mwingine, walichakura kwenye vichuguu vilevile.

Rafaeli akageuka. Aliwaambia yote akiwa amesimama: gunia, ghala, mchwa, mayai ya kipanga, maziwa. Ndani, mtoto alikuwa akinyonya kwa sauti.

Bibi Chiku aliuliza polepole, "Na yule kuku uliyetuletea mwaka juzi, kwa uzazi wa kwanza?"

Rafaeli alimkumbatia kuku kifuani.

"Alitoka palepale, bibi."