Mafuta ya Maisha Yote

Mimi ni dereva wa Mama Directrice, mkurugenzi wetu, na ndiye niliyempeleka Banalia kwa jeep.

Papa Asani, fundi wetu wa Kabondo, alinionya kuhusu giaboksi kabla ya safari: "Tubadilishe mafuta ya boîte ya vitesse." Nilimcheka. Nilitoa kitabu tulichokikuta ndani ya jeep tulipoinunua, nikamsomea Kifaransa kwa sauti: mafuta yale ni ya maisha yote, hayabadilishwi.

Katikati ya pori boîte ikapiga kelele, jeep ikagoma. Mvua inakuja, réseau ya simu hakuna.

"Mama, kitabu ilisema..."

"Leta hiyo kitabu."

Aliweka kidole kwenye picha ya jalada.

"Bon, chauffeur. Hii gari kidogo ya milango mbili, njo jeep yetu?"