Kwenda Nyakisasa Kuuliza Maana ya "Sawa"

Baba alinituma Ngara kwa sababu wanaume wawili walikuwa wamekwenda kabla yangu na kurudi na jibu ambalo halikuwa jibu.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wangu Shija anaishi Nyakahura, wilayani Biharamulo, alikohamia na ng'ombe wake kutoka kwetu Kahama akiwa bado kijana. Huko alimuoa Beatha, Mhangaza wa Nyakisasa, wilayani Ngara. Walikuwa na miaka minne ya ndoa na mtoto mmoja, Neema. Mwezi wa saba Beatha alimfunga mtoto mgongoni, akachukua begi moja, akarudi kwao. Hawakuwa wamegombana. Shija aliporudi kutoka machungani alikuta nyumba imefagiliwa, chakula kimefunikwa mezani, mke hayupo.

Baba zetu wadogo wawili wakaenda Nyakisasa kuuliza. Walipokewa vizuri, wakapewa lubisi, ile pombe ya ndizi, wakaeleza shida yao kwa sauti zao zile za Kisukuma ambazo jirani wa tatu anazisikia. Mzee wa kule, baba yake Beatha, akawajibu, "Tumewasikia. Tutaliangalia jambo hili." Wakarudi wamefurahi, wakatuambia binti atakuwa kwake kabla ya Jumapili. Jumapili ikapita, na nyingine ikapita.

Ndipo baba akaniita. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu pale sokoni, na sijawahi kutumwa jambo la ukwe. Kwetu mambo hayo husemwa na wanaume.

"Kabula," akasema, "nenda wewe. Labda utasikia ambacho hawa hawakusikia."

Nilifunga cherehani yangu, nikanunua kitenge cha mama mkwe wa Shija, nikaondoka.

Basi lilitoka Kahama alfajiri, na mchana niliteremka Nyakahura, penye soko la barabarani, wanawake wakiwa wamepanga nyanya na viazi vitamu kando ya lami. Shija alikuwa ananisubiri na pikipiki. Alikuwa amekonda. Nyumbani kwake kulikuwa na vyombo vya siku mbili na mkeka uliotandikwa upande mmoja tu.

Alianza kueleza kabla sijamaliza maji ya kunywa.

"Dada, mimi sijamkosea. Mwezi wa tatu nilimwambia malisho hapa yamekwisha, wakulima wamejaa, twende Katavi kwa binamu. Nikamuuliza kabisa, unakubali? Akasema sawa. Kwa mdomo wake!"

"Ukafanya nini?"

"Nikajiandaa. Na ili ajue siendi kumtupa porini, nikampa Neema mtamba. Yule mwekundu, binti wa ng'ombe wa marehemu babu. Mtu anayemdharau mke wake anampa mtoto wa kike mtamba wa namna ile?"

Nilimwelewa palepale. Kwetu, mwanaume akimpa binti yake mtamba wa ukoo amesema mambo mengi kuliko hotuba ya harusi. Nilimhurumia sana ndugu yangu, na moyoni nikaanza kumkasirikia wifi yangu.

Nilizunguka nyuma ya nyumba kunawa uso. Kulikuwa na migomba michanga sita, imepandwa kwa mstari na kuwekewa nyasi kavu shinani, majani yameanza kukauka pembeni. Nilimwambia Shija aimwagilie, basi. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Kesho yake asubuhi nilichukua pikipiki kwenye barabara ya vumbi inayoelekea Rulenge. Kadiri tulivyokwenda, tambarare ya kichaka na ng'ombe ilibaki nyuma, vilima vikaanza kupandana, na kila kilima kimevaa migomba mpaka kileleni. Nyumba hazionekani mpaka ufike mlangoni. Mtu wa tambarare kama mimi anajiuliza watu hawa huitanaje. Kwetu unasimama uani unampigia kelele jirani aliye ng'ambo ya mbuga. Hapa nilimwona mwanamke akiongea na mwenzake kwenye kijia, na ingawa tulipita karibu kabisa, sikusikia hata neno.

Nilifika Nyakisasa kama saa tano. Mama yake Beatha alikuwa uani anapepeta maharage. Nilipiga goti kama tulivyofundishwa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akaniinua, akanishika mikono yote miwili juu ya viwiko, hakuniachia. Akauliza habari za safari. Akauliza habari za baba, za mama, za mvua, za watoto wangu, za kazi yangu. Kila jibu alilipokea kwa sauti ndogo ya kooni, kama mtu anayeonja mchuzi. Beatha alitoka ndani, akanikumbatia, akaketi pembeni na Neema miguuni.

Na mimi, kwa haraka yangu, nikasema, "Mama, nimekuja kwa ajili ya huyu Beatha. Tunataka kujua kosa ni nini ili litengenezwe."

Sikuwa nimesema kwa ubaya. Lakini niliona uso wa Beatha ukijifunga. Aliinuka taratibu akaingia jikoni. Mama yake akatazama maharage yake.

"Kwanza ule, mwanangu," akasema.

Jioni ile mzee mwenyewe alirudi kutoka shambani. Mtu mrefu, mpole, aliyevaa koti hata kwenye joto. Nilimweleza nilichotumwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Tumekusikia, binti yangu. Tutaliangalia."

Yalikuwa maneno yaleyale waliyorudi nayo wale wazee wetu wakicheka njia nzima. Nikaelewa kwamba na mimi nilikuwa nimekwenda safari ndefu kuja kugonga mlango uleule kwa mkono uleule.

Asubuhi ya pili niliamua kufunga mdomo. Niliwafuata wanawake jikoni, banda la udongo nyuma ya nyumba, nikapewa kigoda na kisu. Kulikuwa na mkungu mzima wa ndizi mbichi za kumenya. Mama alinipaka mafuta mikononi ili utomvu usininate, akanionyesha namna ya kuchana ganda mara moja kwa urefu. Tukamenya. Neema alikuwa anakusanya maganda akiyaita ng'ombe. Hakuna aliyeuliza kitu, na mimi sikuuliza. Kwa mtu wa kwetu, kukaa muda mrefu hivyo na watu bila kusema ni kama kuzuia chafya.

Tulipofika katikati ya mkungu, Beatha akasema bila kuinua kichwa, "Wifi, Shija amekwambia nini?"

"Kwamba ulikubali kwenda Katavi."

"Nilisema sawa."

"Ndiyo. Alivyosema."

"Nilisema sawa mara moja tu, na sikumtazama. Halafu wiki ileile nikapanda migomba sita nyuma ya nyumba." Kisu chake kilisimama. "Mwanamke anayehama anapanda migomba, wifi? Mgomba unausubiri zaidi ya mwaka. Kila siku anapita pale kwenda kunawa. Nilingoja aniulize, mke wangu, mbona unapanda? Hakuuliza. Miezi minne. Nikajua amesikia na amekataa."

Niliweka kisu chini. Nilikuwa nimesimama mbele ya ile migomba na maji usoni, nikaona migomba tu.

"Beatha," nikamwambia, "Shija hakusikia. Na mimi nimeiona juzi, sikusikia. Na yule mtamba wa Neema, wewe ulisikia nini?"

Akashangaa. "Mtamba? Nilisikia kwamba kila nikiwa na neno, yeye anajibu kwa ng'ombe."

Nikamweleza. Kwamba yule ni wa uzao wa babu, kwamba wazao wa ng'ombe yule hawatoki nje ya ukoo, na kwamba kumpa Neema ni kusema mbele ya wote, huyu na mama yake ni wa hapa, popote hapo patakapokuwa. Beatha alinisikiliza mdomo wazi. Kisha akajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na utomvu.

Mama yake ndiye aliyesema baada ya hapo. Kiswahili chake ni chepesi na cha moja kwa moja. Alijifunza ujanani akiuza ndizi na maharage kule Lukole, wakati wa kambi za wakimbizi, ambako ulilazimika kuelewana na kila mtu.

"Kwetu msichana tunamfundisha asimkatalie mume mdomoni. Anakataa kwa upole, na mume wa huku anaelewa. Lakini huyu tumemwoza kwa watu wengine, na mume hatukumfundisha. Hilo ni kosa letu." Alichukua ndizi nyingine. "Na wazee wenu walipokuja, walikaa sebuleni na mzee. Mimi nilikuwa hapahapa jikoni. Mtu anayejua jambo lote alikuwa hapa. Hakuna aliyechungulia."

"Lakini mzee alisema mtaliangalia."

"Angesema nini? Hatukuwa na cha kujibu. Tulikuwa tunamsubiri mwenye mke."

Nilitoka nje nikampigia simu Shija. Nilimwambia aje kesho, avae shati safi, na aache sauti yake Nyakahura.

Alifika saa nne siku iliyofuata, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alimsalimia mzee, wakakaa sebuleni muda wa heshima, wakiongelea mvua. Sijui mama alimwambia nini mume wake asubuhi ile, lakini mzee alimwambia Shija, "Baba, nenda ukawasalimie jikoni." Shija alinitazama kama mtu aliyeambiwa aingie chumba cha kujifungulia. Akaingia akiinama, akapewa kigoda kifupi hata magoti yakamfika kidevuni.

Nilikuwa nimemfundisha pale uani, kabla hajaingia: uliza jambo moja, kisha ungoje.

"Beatha," akasema, "unataka twende Katavi?"

Neema alimpandia baba yake mapajani. Niliona Shija akifungua mdomo ili aongeze neno, nikamkanyaga mguu. Sijui tulingoja kiasi gani. Chungu kilichemka, mama akakifunua, akakifunika.

"Hapana," Beatha akasema.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Nadhani hakuwahi kulisema neno hilo kwa mwanaume mzima maishani mwake.

"Sitaki. Kule sina mtu, sina shamba, mama hawezi kunifikia. Wewe utakuwa machungani. Nikiumwa nitamwambia nani?"

"Sasa kwa nini hukusema?" Shija alipaza sauti, mkono juu, ndivyo tulivyo. Beatha akarudi ndani ya uso wake uleule niliouona siku ya kwanza. Nilidhani yote yamemwagika.

Shija aliliona na yeye. Aliushusha mkono, akaushika kwa mkono mwingine.

"Mimi sikugombezi," akasema, taratibu sasa. "Kwetu ndivyo tunavyoongea hata tukifurahi. Mama yangu akinipenda ananipigia kelele. Beatha, mimi sikujua kwamba migomba ni maneno. Nilifikiri ni migomba."

Mama mkwe wake akacheka. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka, na Beatha akacheka naye, halafu akalia, halafu wote wawili wakaanza kusema kwa wakati mmoja, na mimi nikambeba Neema nikatoka.

Haikuwa rahisi kama inavyosikika. Baadaye Shija alisimama peke yake ukingoni mwa shamba, akitazama vilima, muda mrefu. Mfugaji kuwaachia wengine ng'ombe wake si jambo la kuamua kama kubadili shati. Aliporudi alisema kundi kubwa litakwenda Katavi na binamu, naye atabaki Nyakahura na wachache, alime zaidi. Beatha aliuliza kitu kimoja tu.

"Na mtamba wa Neema?"

"Yule haondoki."

Beatha hakurudi naye siku ile. Alisema atamsaidia mama yake kumaliza kupura maharage, atakuja Jumamosi. Shija aliuliza kwa tahadhari, "Jumamosi ya kweli?" Akajibiwa akitazamwa usoni, "Ya kweli. Nikisema Jumamosi ni Jumamosi."

Nilisubiri Nyakahura niione kwa macho yangu. Jumamosi saa nane mchana pikipiki ilisimama, Beatha akateremka na mtoto, begi, na miche mingine minne ya migomba imefungwa kwa kamba. Shija alichukua jembe bila kuambiwa.

Nilirudi Kahama Jumatatu. Baba na wale baba wadogo wawili walikuwa wameketi wananisubiri, nami nikapewa kiti, si mkeka. Niliwaeleza kwamba Wahangaza wale hawakutudanganya, na kwamba Beatha hakutoroka. Alisema mapema, kwa njia ya wanawake wa kwao, na sisi tukasubiri maneno ya kiume ya kwetu. Shija naye alisema, kwa njia ya wanaume wa kwetu, kwa mke ambaye hakukulia zizini. Nilisema kwamba nimejifunza kuuliza na kunyamaza, na kwamba kunyamaza ndiko kulikonichosha. Mwisho nikawaambia maneno ya mama yake Beatha, kwamba aliyejua jambo lote alikuwa jikoni na hakuna aliyechungulia.

Mmoja wa wale wazee alinung'unika kwamba wao waliongea na mwenye nyumba, na mwenye nyumba alitosha. Baba alikuwa amejiegemeza mbele, viganja juu ya magoti, ananitazama mimi.

"Huyo mama yake Beatha," akasema. "Hebu nirudie tena. Alisemaje?"