Sare Tatu za Mwalimu

Niliwahi kulipwa kwa kutabiri mpira ambao sikuwa nauona. Ilikuwa Homa Bay, miaka ya tisini, nikiwa fundi redio mwenye meza moja kwenye baraza ya duka la nguo. Siku hizi vijana wakisikia nilikuwa kwenye mambo hayo huniuliza kama hawa wanaouza utabiri kwa simu ni wa kuaminika. Huwajibu kwamba hao siwajui, ila najua mimi nilivyokuwa. Kisha nabadilisha mazungumzo, maana nikiendelea kidogo tu nitafika kwa mwalimu wangu.

Siku zile kulikuwa na karatasi za kubashiri mpira wa Uingereza, tukiziita pool. Wakala alizipokea kutoka Nairobi kila wiki, mechi zimepangwa kwa namba. Mchezo uliopendwa kwetu ulikuwa wa sare tatu. Unachagua mechi tatu unazodhani zitaisha sare. Zikitoka sare zote, unalipwa mara nyingi ya ulichoweka. Ikiharibika moja, zote zimeharibika. Jumamosi jioni mwenye redio ya masafa mafupi aliweza kusikia matokeo yakisomwa. Asiye nayo alingoja gazeti la Jumatatu.

Yote yalianza kwa utani. Mchuuzi mmoja wa samaki alikuja kuchukua redio yake, akatoa karatasi ya pool mfukoni na kusema, "Fundi, wewe unakaa na redio mchana kutwa. Nitajie sare tatu." Nilikuwa nimeshika chuma cha kuchomea risasi, sikutaka hata kuinua kichwa. Nikamtajia saba, kumi na tisa na thelathini na mbili. Sikuwa na sababu yoyote. Namba hizo zilitoka mdomoni tu.

Zote tatu zilitoka sare. Jumanne mchuuzi alinijia na mbuta, yule sangara wa ziwani, ambaye mkia wake ulikuwa unaburutika chini, akausimulia ufuo mzima. Ijumaa iliyofuata nilikuta watu wanne barazani, na hakuna hata mmoja ambaye redio yake ilikuwa imeharibika.

Ningewaambia kwamba nilibahatisha. Maneno yenyewe ni mawili matatu. Badala yake nilivuta karatasi ya pool, nikaitazama sana kama daktari anayesoma kadi ya mgonjwa, nikaandika namba tatu na kusema kazi hii ina gharama yake.

Baada ya miezi michache nilikuwa na wateja Homa Bay, Kendu Bay, Asumbi, na hata Migori, ambako mfanyabiashara mmoja aliwauzia wachimba dhahabu wa Osiri vijikaratasi vyangu. Kila mahali nilipeleka namba zake. Watu wa Kendu Bay hawakupata zile za Migori, na za Asumbi zilikuwa nyingine kabisa. Kwa hiyo mara kwa mara palitokea mahali pamoja penye furaha, na furaha hiyo ilinitangaza mpaka kwa wale walioliwa pesa zao. Walioliwa niliwaambia kuna timu iliyobadilisha golikipa asubuhi ya mechi. Walinielewa. Mtu anayetaka kuamini hukusaidia kumdanganya.

Mwenye duka, mzee Mwislamu aliyetoka pwani zamani, alinivumilia kwa sababu nililipa kodi mapema. Siku moja alisimama mlangoni akaniuliza, "Na wewe mwenyewe huwa unacheza zipi?"

"Mimi sichezi, mzee."

"Kwa nini?"

Nilianza kutafuta bisibisi. Alitikisa kichwa, akarudi ndani kwa vitambaa vyake. Sikuwahi kucheza hata wiki moja, na sikuona kwamba hapo ndipo palikuwa na jibu la kila kitu.

Mwalimu alikuja mwezi wa tatu au wa nne, wakati wa mvua. Alinifundisha hesabu darasa la sita na la saba katika shule moja upande wa Asumbi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika saba yenye kistari katikati, ili isifanane na moja. Alikuwa mrefu, mwembamba, suruali yake ina mkunjo wa pasi hata ikiwa na kiraka. Nilisimama kumsalimu, nikampa kiti changu.

"Japuonj, karibu," nilimwambia. Hivyo ndivyo tunavyomwita mwalimu kwa Kijaluo.

Alikaa. Alitazama redio zangu zilizofunguliwa matumbo, akatabasamu. "Nimesikia habari zako, nyathina," alisema. Aliendelea kuniita mtoto wake ingawa nilikuwa na ndevu. "Wanasema una fomula."

"Ni hesabu kidogo tu, Mwalimu."

"Nilijua ungefika mahali. Nifundishe."

Hakuna siku niliyotamani ardhi ipasuke kama siku ile. Mtu aliyenifundisha kugawanya sehemu alikuwa ameweka daftari jipya gotini na kufungua kalamu, ananingoja. Na mimi, badala ya kusema kweli, nilianza kumtungia. Nilimwambia ajumlishe magoli ya timu mbili katika mechi tatu zilizopita, atoe tofauti ya nafasi zao kwenye jedwali, agawanye kwa nne. Ikibaki moja, hiyo ni sare. Aliandika yote. Alinirudisha nyuma mara mbili kuhakikisha. Mwishowe aliniuliza, "Kwa nini nne?"

"Uzoefu, Mwalimu."

Aliandika neno hilo pia.

Alikuwa akifanya hesabu hizo nyumbani, halafu Ijumaa anakuja Homa Bay kulinganisha na karatasi yangu. Zikitofautiana, alidhani ni yeye aliyekosea. Alilipa kama wengine, na mimi nikapokea. Wiki moja tu nilikataa pesa yake, akasisitiza, nikaitia mfukoni bila kusisitiza sana.

Baadaye alileta wenzake. Walikuwa watu sita: walimu watatu wa shule yake, karani wa ghala la pamba, seremala, na jirani yake mkulima. Hawakuwa na nafasi ya kuja mjini kila Ijumaa, kwa hiyo Mwalimu alichukua karatasi yangu moja na kuwanakilia. Waliniamini kwa sababu walimwamini yeye.

Ikafika Jumamosi moja ambayo nilisema ni ya uhakika. Sikumbuki hata kwa nini nilitumia neno hilo. Nadhani biashara ilikuwa imelala, nami nilitaka kuiamsha. Wale sita waliweka kuliko walivyozoea. Mkulima aliuza ndama. Jioni nilisikiliza matokeo peke yangu. Katika tatu za Asumbi, mbili hazikutoka sare. Lakini tatu nilizopeleka Migori zilitoka zote. Nilifurahi. Nataka niliseme hili wazi: nilisikia matokeo hayo, nikajua kilichowapata watu wa Mwalimu, nikafurahi kwa sababu ya Migori.

Habari zilisambaa bila mimi kujua. Osiri walichinja mbuzi. Mtu aliyetoka huko alipita sokoni Rangwe, jirani na Asumbi, akisema fundi wa Homa Bay ametoa sare tatu safi, akataja na namba zenyewe. Karani wa pamba alizisikia. Akatoa nakala yake akaitazama, akaona namba nyingine kabisa. Alikwenda kuwakusanya wenzake.

Walikuja Alhamisi asubuhi, wote sita, na Mwalimu akiwa katikati yao. Hawakuwa na fujo. Karani ndiye aliyesema.

"Fundi, Migori umewapa tano, kumi na saba, ishirini na sita?"

"Ndiyo."

"Na sisi ulitupa zipi?"

Mwalimu alikuwa amevaa shati jeupe lenye mfuko kifuani. Ndani ya mfuko ule niliona ukingo wa karatasi ya rangi ya waridi. Mimi ndiye niliyetumia karatasi za waridi. Ile ilikuwa karatasi ya Ijumaa ile, kwa mwandiko wangu, na saba zangu zenye kistari. Angeitoa tu, kazi ingekuwa imekwisha.

Nilitazama wale watu. Seremala alikuwa na mikono mipana. Nikatazama redio za watu mezani.

"Nilimpa Mwalimu zile zile," nilisema. "Hesabu ni moja. Kama alinakili vibaya, hilo siwezi kulijua."

Walimgeukia. Ndani ya duka mzee alikuwa anapima kitambaa, nikasikia mkasi ukikata. Mwalimu alinitazama usoni. Mkono wake ulipanda mpaka kwenye mfuko, ukagusa ile karatasi, ukaisukuma ndani isionekane.

"Macho yangu siku hizi," alisema polepole. "Huenda nilinakili vibaya."

"Mwalimu wa hesabu," karani alisema.

"Ndiyo. Ni makosa yangu."

Mkulima alitema mate chini, si kwa hasira nyingi, kama mtu aliyechoka. Waliondoka. Mwalimu alikuwa wa mwisho, akitembea nyuma yao kidogo.

Ningependa kusema niliacha siku hiyo. Niliendelea kama miezi miwili. Nilijiambia kwamba nikiacha ghafla watashuku. Kisha wakala wa pool alihama, karatasi zikaanza kuchelewa, wateja wakapungua, nami nikarudi kwenye redio. Kwa hiyo hata kuacha kwenyewe siwezi kujisifia.

Mwalimu alihamishwa mwaka uliofuata. Nilisikia kwamba aliomba mwenyewe. Pale shuleni watoto walikuwa wameanza kunong'ona anapoandika ubaoni kwamba Mwalimu hawezi kunakili namba. Alipelekwa shule moja upande wa Migori, karibu na mpaka wa Tanzania, mbali na mashamba yake, akiwa amebakiza miaka michache astaafu.

Ilinichukua karibu miaka miwili kwenda kumwona. Nilibeba sukari na majani ya chai, na redio ndogo niliyoitengeneza vizuri. Mke wake alinipokea kwenye nyumba ya walimu. Alichukua vitu vile akaviweka mezani bila kuvifungua.

"Unajua," aliniambia, akipanga vikombe, "kila mwaka alikuwa anawatajia darasa la saba jina lako. Anasema, huyu naye alitoka kwenye madawati haya."

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Si mimi wa kuombwa. Mngoje yeye."

Mwalimu alitoka darasani na chaki kwenye mikono ya shati. Alinisalimu, akaniuliza habari za watu wa kwetu mmoja mmoja. Tulikunywa chai. Nilipoona sitaweza kuvumilia tena nikasema, "Mwalimu, fomula ile haikuwepo. Niliitunga pale pale."

"Najua."

"Ulijua lini?"

"Wiki ya tano au ya sita. Niliweka kumbukumbu. Fomula haikumshinda mtu anayefumba macho na kuchagua." Alipuliza chai yake. "Lakini nilifikiri mwenye kosa ni mimi. Nilidhani kuna sehemu ulinificha, kwa sababu ndiyo biashara yako. Nilipoona za Migori ndipo nikaelewa."

"Mbona hukutoa ile karatasi?"

Aliweka kikombe chini. Hakuonekana mtu anayetafuta maneno mazuri.

"Walikuwa wamekasirika kuliko walivyoonyesha. Wewe wangekuvunjia meza, pengine na mkono. Mimi wangeniita mjinga. Na mjinga nilikuwa, maana ni mimi niliyewapeleka kwako. Ningewaambia nini? Kwamba nilikuamini kwa sababu nilikufundisha?"

Nilianza kulia. Aliniacha nilie, hakunishika bega. Nilipomaliza aliniuliza, "Wale sita umewaambia?"

"Bado."

"Basi hujaanza," alisema. Akatazama saa, akasema ana kipindi cha darasa la nane. Alikwenda. Mke wake alinisindikiza mpaka kwenye lango la shule, akanirudishia ile redio. Alisema wanayo moja, inawatosha.

Nilirudi Homa Bay nikiwa nimekata shauri. Wiki hiyo hiyo nilikwenda kwa seremala, nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni mwa karakana yake. Alinisikiliza huku akipiga randa. Alisema, "Sawa," akaendelea na ubao wake. Baada ya mwezi nilimwambia mmoja wa walimu, akanifukuza kwake mbele ya wanawe, na hilo ningelikubali, lakini lilinitisha. Nikajipa muda kidogo. Muda ule ukawa mrefu.

Mwalimu amefariki. Nilikuwa kwenye mazishi, nyuma kabisa, na karani wa pamba alikuwa mbele, akieleza watu kwa upendo jinsi marehemu alivyokuwa mtu mwema aliyekuwa na macho mabovu. Watu walicheka kidogo, kama wanavyocheka msibani. Nami nilikuwepo, nilisikia, na sikufungua mdomo.