Mfano wa Naibu Chifu

Japheth Abuto, naibu chifu huko Kisegi kwa miaka kumi na minne, alikuwa na kipaji kimoja: barua ya serikali ikipita mdomoni mwake, inaeleweka. Alieleza chanjo, akaeleza nyavu haramu, watu wakamkubali, ingawa nyavu zenyewe ziliendelea kutupwa ziwani. Basi ilipofika barua ya kueleza kwa nini wanajeshi wetu wanapelekwa vitani ng'ambo, hakuona taabu.

Barua ilijaa maneno mazito ya usalama wa dunia. Japheth aliikunja akaitia mfukoni.

"Hapa kwetu mtu akizama, hata kama ni mgeni, nani huenda kuvua?" aliuliza barazani.

Wakajibu hakuna. Kila mtu alijua kwamba uvuvi husimama na mitumbwi yote hutafuta mwili mpaka upatikane.

"Sasa hiyo nchi inazama. Sisi tuendelee tu kuvua?"

Walipiga makofi. Monicah, ambaye mwanawe Bonface alikuwa miongoni mwa wanajeshi wanaoondoka, alipiga makofi pia. Siku hiyo alirudi nyumbani moyo umetulia.

Mwezi wa tano habari zikaja kwamba gari la kina Bonface limeshambuliwa, na yeye haonekani. Kesho yake hakuna mtumbwi ulioingia ziwani kuvua. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Turubai za kuanikia dagaa wa omena zilibaki tupu, na wanawake wa sokoni wakaanza kunung'unika, lakini chini kwa chini. Siku ya nne serikali ikaandika kwamba Bonface anahesabiwa amekufa, na msako umekoma. Mkubwa wa Japheth akampigia simu: awaambie watu warudi kazini.

Alimkuta Monicah ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, wavuvi wamemzunguka.

"Ameonekana, chifu?"

"Hapana, Mama Bonface. Wameacha kutafuta." Akakohoa. "Lakini ile ya baraza ilikuwa mfano tu. Nilikuwa naeleza."

"Tulielewa," alisema Monicah. "Ndio maana hatujaenda."

Japheth aliona haya mpaka akashindwa kumtazama usoni.

Palikuwa na njia moja ya kufungua ziwa. Kwa mila, mwili ukikosekana kabisa, huzikwa tunda la mti wa yago, refu na zito, mahali pa marehemu. Ila hakuna jamaa aliyekubali kulikata, maana kulikata ni kusema Bonface hatafutwi tena.

Monicah alimnyooshea Japheth panga. "Wewe ndiye ulituambia kwa nini aende. Hii nayo useme wewe."

Alikwenda akalikata, akalibeba begani hadi bomani kwa Monicah. Lilipokwisha kushushwa kaburini, watu walimgeukia naibu chifu aseme machache, kama kawaida yake. Japheth alivua kofia, akainama, akatupa konzi ya udongo kaburini. Hakuwa na mfano.