Makopo ya Bi Rukia

Juzi hapa Riyadh, nikisubiri chakula mkahawani, niliona kwenye simu filamu fupi kuhusu nyaraka za vijiji vya kaskazini mwa Kanada. Binti aliyevaa glovu alikuwa akitoa picha ya bibi yake kwenye droo, taratibu kama anayemwinua mtoto aliyelala. Nilizima simu kwa hasira.

Mimi nilikulia mtaa wa Karantina, Jeddah. Jirani yetu Bi Rukia, mpigapicha kutoka Mombasa, alipiga picha za harusi zetu, arubaini za watoto wetu na Idi zetu zote, akaziweka kwenye makopo ya biskuti. Alasiri moja mwenye nyumba alitaka arudishiwe chumba alichompangisha. Msimamizi wake akazimimina picha zote kwenye pipa uani, akazitia moto. Moshi ulinuka plastiki, ukatuwasha macho.

"Hao ni watu!" Bi Rukia alipiga kelele. "Unachoma watu wewe!"

"Halas, mama, yaishe. Karatasi tu hizo," msimamizi alimjibu.

Mimi, bado mtoto mdogo, nilidhani analilia makopo. Nikamvuta leso, nikamwambia, "Usilie, Bi Rukia. Baba atakununulia biskuti nyingine."

Hakunisikia. Alitia mkono motoni, akaopoa picha moja iliyoungua nusu. Yule mtu akamnyang'anya, akairudisha pipani, akacheka.

Mtaa wenyewe umeshabomolewa. Leo mtu akiniambia hatukuwahi kuishi pale, sina hata sura moja ya kumwonyesha.