Nguzo za Njia ya Ng'ambo

Nilikuwa nawaongoza watoto katika sala ya adhuhuri, hapo shuleni kwetu misheni ya Ndala, wakati katekista Raymundi alipofika kwa baiskeli kutoka Tabora. Alingoja mlangoni mpaka tukamaliza sala. Akavua kofia.

"Mwalimu Nikolaus, kaa kwanza."

"Ni Mama?"

Akapiga ishara ya msalaba. Alianza kusema polepole, "Raha ya milele umjalie, ee Bwana," na watoto, wasiojua ni kwa ajili ya nani, wakaitikia kama walivyofundishwa. Ndivyo nilivyopata habari ya kifo cha mama yangu, Eustadia binti Mayala, mwaka 1954, kiangazi kikiwa kimeanza kukaza.

Mama alikuwa mfinyanzi. Alichimba udongo wake mwenyewe bondeni, akafinyanga nyumbani Isevya, na siku za soko akabeba vyungu kichwani hadi mtaa wa Ng'ambo mjini Tabora, kimoja juu ya kingine. Baba alipofariki alitulea mimi na dada yangu Flavia kwa kazi hiyo. Hakujua kusoma, lakini Jumapili aliijua Misa yote kwa moyo, na akisinzia katika mahubiri alijitetea kwamba alikuwa anatafakari.

Shida yake ilikuwa malori. Zamani watu wa Ng'ambo walipita pembeni, kati ya barabara na baraza za maduka. Baada ya vita malori ya karanga na pamba yakaongezeka, na madereva wakawa wanayapandisha pembeni hapo yapakue mizigo. Ukiwa na mzigo kichwani ilibidi ushuke barabarani na magari. Mara nyingi Mama alirudi nyumbani na vigae badala ya vyungu.

Kuli mmoja aliyeitwa Mfaume alizoea kumtania kutoka juu ya magunia. "Bibi Eustadia, ufinyange vyungu vya mpira! Vikianguka viruke!"

"Nitafinyanga," Mama akamjibu, "na cha kwanza nitakuvika kichwani, maana humo hamna kitu."

Walicheka wote wawili. Lakini mtoto wa jirani alipovunjwa mguu na gari mahali hapo, Mama aliacha mzaha. Alikusanya wanawake wa sokoni wakaenda naye bomani kushtaki. Nilikuwa likizo, nikawasindikiza. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, aliwasikiliza kwa kinywa cha mkalimani, Mzee Anselm.

"Bwana anauliza, kwa nini msiyazunguke malori?"

"Mwambie tunayazunguka," Mama akasema. "Tukizunguka tuko katikati ya barabara, na lori jingine linakuja. Na hilo tulizunguke?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee Anselm naye alijizuia kwa shida kabla ya kufasiri.

"Bwana anauliza, basi unataka nini?"

"Nataka mahali pa kuweka mguu."

Walirudi bomani mara nyingine, na nyingine tena, maana shauri lilikuwa likiahirishwa. Hatimaye wafungwa waliletwa wakachimbia nguzo fupi za mninga ukingoni mwa barabara, mtaa mzima. Malori hayakuweza tena kupanda. Mama alifurahi kama aliyejengewa nyumba. Alimpelekea Mzee Anselm chungu kikubwa cha maji, akasali rozari ya shukrani pamoja na majirani.

Njia ile ya nguzo ilikuwa nyembamba. Mtu mwenye mzigo alipita vema, lakini wawili wakikutana ilibidi mmoja ajibane ukutani.

Kwetu Wanyamwezi, mama na mume wa binti yake hawakutani uso kwa uso. Wakionana njiani mmoja huacha njia, huingia majanini, hugeuza mgongo, nao husalimiana kwa mbali. Mapadri hawakutukataza, nasi tuliishika kama heshima. Siku ya kifo chake Mama alikuwa akienda sokoni na vyungu vyake. Lugembe, mume wa Flavia, alitoka katika duka la fundi viatu, akajikuta amesimama mbele yake hatua chache tu. Mkono mmoja ukuta, mkono mwingine nguzo, na nyuma ya Mama wanawake wengine wanakuja. Mama akageuza uso, akapenya kati ya nguzo mbili, akashuka barabarani. Lori lilikuwa limefika. Dereva hakuwa na kosa lolote.

Nilipofika nyumbani Isevya nilimkuta Lugembe nyuma ya jiko, peke yake.

"Shemeji," akaniambia, "mimi ndiye niliyepaswa kushuka. Nilimwona. Mguu wangu ulikuwa umekwisha kuinuka, naye akaniwahi."

Shangazi Koleta alisikia, akasema kwa uchungu, "Angepita tu! Angekugusa bega, kwani nini kingetokea?" Halafu alilia sana, maana naye ana wakwe, na tangu awaoze binti zake hajawahi kupita hivyo.

Nimejiuliza mengi mbele ya Mungu. Kile alichokiomba alipewa, na kwa sababu yake akafa. Padri aliniambia nisitafute mwenye hatia. Ninajitahidi.

Tulimzika kesho yake baada ya Misa. Njia ya nguzo haikutosha jeneza na wabebaji, hivyo tulimpitisha katikati ya barabara, na malori yakasimama. Mfaume alishuka kutoka juu ya magunia akaja kushika mshikio mmoja wa jeneza. Lugembe alitufuata mbali, nyuma ya wanawake wote. Makaburini Padri alinyunyiza maji ya baraka, tukaimba, tukashusha jeneza. Flavia alitupa udongo, nami, na Shangazi Koleta. Watu walipoanza kuondoka Lugembe alikuja, akatupa wake akiwa amegeuza uso. Kisha tukafukia kaburi, tukasimika msalaba, tukarudi nyumbani.