Slaidi Namba 212

Tarehe 14 Aprili 2008, msomaji wa slaidi, vile vioo vyembamba vya kupimia damu, katika maabara ya magonjwa ya ndege aliandika neno moja daftarini, mbele ya namba 212: safi.

Maabara nzima humwita Shangazi. Miaka kumi na tisa ameinamia darubini ileile, akisaka vijidudu vya malaria ya ndege kwenye matone ya damu. Slaidi za bara hazikosi wagonjwa. Za kisiwa kimoja cha mbali, chenye kambi ya watafiti, hazikuwahi kuwa na hata mmoja. Ndege wadogo wa kahawia wa kisiwa hicho walifika huko zamani mno, wakaviacha vijidudu nyuma. Kizazi baada ya kizazi miili yao ikasahau kupigana navyo, kama mabawa yao yalivyosahau kuruka. Ndugu zao wa bara huugua wiki moja wakapona. Wao wangekufa.

Kwenye 212 aliona kitu cha zambarau kimejikunja kando ya kiini cha seli. Kimoja tu. Alianza kunyanyuka kitini, kisha akakumbuka mwaka jana: alipiga mbiu, boti ikakodiwa, watu wakashinda kisiwani wiki nzima, kumbe ilikuwa chembe ya rangi ya kutia damu iliyoganda kwenye kioo.

"Vipi Shangazi, leo tena?" mwenzake wa meza ya pili alimchokoza. "Niite boti?"

"Ita chai kwanza. Ni rangi tu."

"Hayo macho yanadai pensheni."

Akacheka naye, akaandika: safi.

Mwezi Juni zikaja slaidi arobaini kutoka kisiwani. Tisa zilijaa vijidudu. Hata mgeni wa kazi angeviona. Shangazi aliitoa 212 sandukuni, akazungusha taratibu skrubu ya darubini ya kusogeza lenzi. Chembe ya rangi hukaa juu ya seli, kwa hiyo seli ikififia, yenyewe hubaki ikionekana wazi. Kitu hiki cha zambarau kilififia pamoja na seli. Kilikuwa ndani. Amewafundisha wanafunzi wote kuzungusha ile skrubu, na Aprili hakuizungusha.

Alimpelekea mkuu wa maabara slaidi mkononi. Mkuu alitazama, akainua kichwa.

"Kwa nini hukuniita, Shangazi?"

"Niliogopa kuchekwa."

"Miezi miwili."

"Ndiyo, mzee. Miezi miwili."

Ndani ya muda huo wangeweza kumwaga maji yote yanayozaa mbu kule kambini, wakawatenga ndege wachache waliokuwa wagonjwa. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

Jumatatu Shangazi atahamia chumba cha kuosha vioo. Boti itaondoka Alhamisi kwenda kuhesabu ndege waliobaki.